Malalamiko ya Mtu Aliyezuiwa Kuanguka

Kwa Meneja,
Tulia Afya Bima,
Machakos.

Ndugu Meneja,

KUH: KUPIMWA MOYO KABLA YA KUUGUA

Natumaini hujambo pamoja na wafanyakazi wako. Mimi ni Masila, mchonga vinyago wa hapa Wamunyu na mwanachama wenu mwaminifu. Naandika kwa heshima, ingawa nimekasirika sana, kuwaomba mwache mara moja kulipia watu wasiougua vipimo vya moyo.

1. Mlinitafutia ugonjwa ambao sikuuagiza. Nilienda hospitali kwa sababu mlisema mtalipa ninyi, na kitu nilichokichangia siwezi kukiacha kiharibike. Nikabandikwa nyaya kifuani, nikatolewa damu, kisha daktari akasema mishipa ya moyo imeanza kuziba. Nilikuwa nimeingia pale nikiwa mzima kabisa.

2. Daktari aliyasema hayo mbele ya mke wangu, Nduku. Tangu siku hiyo chumvi hufungiwa kabatini, na ufunguo huenda naye kanisani.

3. Hili ndilo lililoniuma. Majuzi ilikuwa ntheo ya binti yetu Mbinya, siku ambayo mkwe huleta mbuzi wachinjwe ndipo sisi Wakamba tukubali kwamba ameoa. Baba huingoja siku hiyo tangu mtoto akinyonya. Nyama ilipopitishwa, mimi niliwekewa ndengu za kuchemsha. Fungu langu lililiwa na ndugu yangu Kaloki, kwa niaba yangu, huku akinitazama machoni na kunicheka.

4. Isitoshe, dawa zenyewe zinafanya kazi. Napanda kilima cha shambani bila kupumzika. Sasa nitathibitishaje kwamba niliwahi kuugua? Jirani yangu Musembi, mwanachama wenu pia, alikataa kupimwa, akaanguka sokoni watu wakiona. Alichukuliwa na ambulensi yenye king'ora, kanisa zima likamtembelea, na kuku aliopelekewa bado wanatembea uani kwake. Mimi niliyezuiwa kuanguka sijaletewa hata yai.

Kwa hivyo napendekeza mlipe tu baada ya mtu kuanguka, tena mbele ya mashahidi. Najua matibabu ya Musembi yaliwagharimu zaidi kuliko kupima kijiji kizima, lakini mimi sizungumzii pesa, nazungumzia kuku. Pia naomba mbuzi mmoja, mnono, wa kunifidia ile ntheo.

Wasalimu wote ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyenibembeleza nikapimwe. Daktari naye msalimu, ingawa hastahili.

Wako mwenye moyo uliopimwa,
Masila.

N.B. Kaloki hana bima. Tangu ntheo namwona akisimama katikati ya kilima, mkono kifuani, akidai anatazama mawingu. Tafadhali nijulishe kama anaweza kuingizwa kwenye kadi yangu, apimwe wiki hii hii. Ikibidi kuchagua, acheni mbuzi. Asiambiwe ni mimi niliyeomba, maana atanicheka tena. Lakini apimwe. Ndugu ninaye huyo mmoja tu.