Watu wa Sainte-Olivine, Hesabu Kamili

Jumatatu, 6 Mei
Kazi nimepata! Meya wetu, Mama Thivierge, kaniita mbele ya duka la mikate. Kibao cha kuingilia kijijini kinasema watu 1 004. Kwa sauti ya chini akaniambia niandike 1 003, maana mzee hayupo tena. Mzee ni baba yangu. Kibao alikipaka yeye, mpaka Februari moyo wake ulipogoma. Nikamwambia ondoa shaka, mama. Rohoni nikasema ile nne haiondoki ng'o!

Jumanne, 7 Mei
Mipango ninayo mimi! Kwetu Kebeki maelfu tunayatenga kwa nafasi. Ukiweka mkato, namba nzima imeishia hapo, yanayofuata ni vipande. Ng'ambo ya mto, Ontario, mkato ndio wa maelfu. Basi nikachomeka mkato mnene kama kiluwiluwi: 1,004. Nne sikuigusa, bado ni rangi ya baba. Wakigombana na mkato, nani ataiangalia?

Jumatano, 8 Mei
Moto! Ghislain wa duka la misumari, aliyekuwa akiimezea mate kazi hii, kacheka mpaka kikohozi. Kauliza kijiji kizima kumebaki mtu mmoja na makombo? Na huyo mmoja nani, padri? Nikamwambia akasome kwanza, nawavuta watalii wa Ontario. (Shule mimi niliiachia njiani. Hayamhusu.) Bibi mmoja kapiga kelele kwamba nimewauza kwa Waingereza wa ng'ambo ya mto. Meya kaamuru mkato ufutwe. Nne hakuna aliyeitaja. Mjinga nani sasa?

Alhamisi, 9 Mei
Nimefuta mkato, nikaweka nukta. Kelele upya. Tamu!
Jioni mama kaja kunishikia ngazi. Akaikazia macho nne. Nikaanza kumweleza nukta wanavyoitumia Wahispania. Akasema, "Nyamaza, mwanangu." Akavua kitambaa cha kichwani, akaifuta vumbi polepole, kona kwa kona, kama anayemfuta mtu uso.
Rangi za siku hizi kali sana. Macho yaliniwasha mpaka nyumbani.

Ijumaa, 10 Mei
Pigo! Meya kaniamuru nirudishe nafasi, nikarudisha. Akaja kukagua. Nikajua leo nimenaswa. Kumbe anatabasamu! Akasema hongera kijana, habari umezipata mapema: mke wa Ghislain kajifungua alfajiri, dume. Hesabu ni 1 004 barabara. Ghislain kanishika mkono, machozi yanamlenga, eti asante kwa kumwandika mwanangu.
Mwanao! Kitoto hata meno hakina, kishakalia nafasi ya baba! Nikasema karibu. Ningesema nini?

Jumamosi, 11 Mei
Nimepata dawa. Naandika 1'005, na kile kialama cha juu cha Waswisi. Watabishana nacho mpaka theluji irudi, na baba atakuwa yumo. Hakuna kichwa kama hiki Kebeki nzima!
Ile nne nimeshaikwangua. Haikubaki hata alama. Imetoka kirahisi ajabu.