Mita Mia Mbili za Waya

Jumatatu, 3 Juni 1996
Bi Zamzam, mwenye hoteli hapa Msimbazi, kanunua TV. Jumamosi saa nane mchana anataka wateja waone filamu ya Kihindi. Kazi ya antena bado hajampa mtu. Ramadhan, fundi redio wa ng'ambo ya barabara, kasema ataisimamisha juu ya bati la hoteli. Juu ya bati! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Mimi nitaiweka juu ya ghorofa la Mzee Manubhai, mtaa wa pili. Ghorofa sita! Nimemwahidi Bi Zamzam ataona hadi chunusi za staa. Kazi kanipa.

Jumatano, 5 Juni
Nimevuta waya mita mia mbili. Umepita juu ya kanga, masufuria na kuku wa watu. Nimewasha. Chaneli ya chini, safi kabisa. Chaneli ya juu, yenye filamu, chenga tupu.
Nikarudi kwa Mzee Manubhai. Shikamoo, marahaba, kisha akaniuliza waya una urefu gani. Nikamwambia. Akashika kichwa. Kasema mawimbi ya chaneli za juu huliwa na waya njiani, na waya ukizidi urefu hakifiki kitu.
"Busta ya kukuza mawimbi iweke huku juu kwenye antena, fundi, yakiwa bado na nguvu."
Nikamkumbusha kwa heshima kwamba yeye anauza vitenge.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefunga busta. Siyo juu! Nani ataiona huko? Nimeiweka hotelini, nyuma ya TV, taa yake nyekundu ikiwaka. Wateja wamevutiwa mno.
Chenga zimenenepa. Sasa zinanguruma. Safari, mpishi, kauliza kama India ni masika.

Jumamosi, 8 Juni
Hoteli imefurika. Saa nane, chenga. Nikatangaza kwamba filamu inaanza na mvua. Baada ya dakika kumi mama mmoja akauliza mbona hakuna mwenye mwavuli.
Ramadhan akaingia bila hodi. Antena, mti wa mwanzi juu ya bati, waya mita kumi. Picha ikatulia kama maji ya mtungi! Watu wakapiga makofi. Bi Zamzam akampa pilau. Mimi akaniambia, "Fundi Melkiori, kaa chini baba, unaziba."
Nikakaa. Nililia. Ni kwa sababu ya filamu.

Jumapili, 9 Juni
Nimewaza tangu alfajiri. Kosa nimelipata. Waya ulikuwa mfupi! Mawimbi hayakupata nafasi ya kukimbia yakapata kasi.
Celina, mwenye baa Kigamboni, ng'ambo ya bahari, anataka TV. Nimekwenda Kivukoni kumuuliza nahodha wa pantoni kama anaweza kuvuka taratibu akiburuta waya. Kanitazama muda mrefu bila kusema neno.
Ni kawaida. Watu wakikutana na akili kubwa huishiwa maneno.