Mlango wa Chumba cha Utulivu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kokoto, ambaye ni mimi, waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao, makaimu wa makaimu, wachungaji, maustadhi, wageni kutoka Mlolongo na Kinanie, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, lakini jua!)

Nimesimama hapa, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuwatangazia kuwa kwa mujibu wa fremuweki yetu ya afya ya akili kazini, na baada ya mimi binafsi kufanya benchimaki, yaani kujifunza kwa wenzetu, wiki nzima hotelini Naivasha, asilimia mia moja na nne ya wafanyakazi wetu sasa wametulia. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Kati yenu yuko karani wetu Kaluki, aliyerudi juzi baada ya kuugua msongo wa mawazo, siri ambayo nimeitunza sana, ndiyo maana naitaja kwa kipaza sauti kizuri. Kaluki, simama tukuone! Mpigieni makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja! (Makofi machache. Kaluki anasimama.)

Mama huyu aliomba kitu kimoja tu: mahali patulivu pa kukaa kidogo moyo unapomwenda mbio. Bodi haikulala. Tuliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na leo, nyuma ya utepe huu, tazameni mlango wa Chumba cha Utulivu, chenye viti laini, feni na mshauri wa saa zote! (Vigelegele.)

Kaluki, mbona unakuja? Utepe haujakatwa. (“Mheshimiwa, roho imeanza kwenda mbio. Naomba tu niingie.”) Polepole, mama, usivute kitasa! (Mlango unaanguka. Nyuma yake ni ukuta mtupu.)

Msicheke! Hii ni awamu ya kwanza. Mlango umefika, chumba kitafuata. (Wavinya, mpishi wa chai: “Kaluki, kuja twende jikoni. Kiti iko, na redio nitazima.”) Wavinya, jikoni hakujaidhinishwa! (Wanaondoka. Watu wanawapisha.)

Tumalizie. Akili tulivu! (Watu wanageuka kutazama jikoni.) Kokoto bora! (Mtu anakohoa tena.) Namshukuru fundi Muema, aliyeuegemeza mlango huu ukutani jana jioni, na jirani aliyetuazima utepe. Ramani ya chumba tutachora, Mungu akipenda. Asanteni sana. Sasa twendeni tukanywe chai.

(Sauti kutoka nyuma: “Hakuna chai, mheshimiwa. Jikoni kumefungwa. Kaluki anapumzika.”)

(Makofi ya kilo, bila kuombwa.)