Siku Kumi na Mbili Kabla ya Ngome Elfu

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku kumi na mbili. Ngome Elfu inafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15, saa mbili asubuhi. Mji mmoja ndani ya kompyuta, ngome elfu moja, na maelfu ya watu wa dunia nzima wakirushiana risasi kwa wakati mmoja. Nimeusubiri mchezo huu miaka miwili. Nina umri wa miaka arobaini na moja na ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Sioni tatizo.

Tatizo ni kiti. Kompyuta ni moja, wanaoisubiri ni wawili: mimi na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, fundi cherehani, anayeishi nasi chumba cha nyuma. Nyumbani kwetu kuna wifi wawili kwa kweli, yeye na mtandao. Mume wangu akiuliza kitu kutoka jikoni, ni ngeli tu inayotusaidia. Wifi yuko wapi, anamtaka dada yake. Wifi iko wapi, simu yake imegoma.

Leo wakati wa chakula mume wangu ametoa hukumu. Atakayetangulia kukaa siku hiyo atacheza mpaka saa sita, kisha ampishe mwenzake. Wifi akauliza nani atatangulia. Mume akasema sisi ni watu wazima, tutaelewana. Nikakubali hapo hapo, ili nipate muda wa kupanga.

Jumanne, 4 Machi

Leo saa nne walifungua kusajili majina. Jina likishachukuliwa limekwenda. Langu lilikuwa tayari tangu mwaka jana: Malkia wa Risasi. Nikaingia kwa kompyuta ya mapokezi. Mbele yangu kasimama mgonjwa shavu limevimba, ananionyesha kwa kidole linapouma. Nikamwambia akae, namwandikisha. Sikumdanganya sana. Kuandikisha nilikuwa naandikisha.

Kompyuta ya kliniki imezoea kazi yake. Ukigonga herufi tatu za mwanzo inakumalizia neno yenyewe. Nilibonyeza huku namtazama mgonjwa asije akanung'unika. Nilipogeuka, maandishi yakasema: Karibu vitani, Malkia wa Risiti. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba jina halibadilishwi.

Nikaandikia kampuni barua pepe tatu. Wakajibu kwamba wanalifurahia jina langu.

Jioni wifi kasema amejisajili kwa jina la Kimya. Basi, Kimya tu. Jina zuri, linaudhi. Akauliza langu. Nikamwambia ni siri ya kijeshi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mpango. Wifi akiwa na kazi ya kumaliza Jumamosi ya tarehe 15, hatakaa kwenye kompyuta. Kazi yake ni kushona. Kwa hiyo ashone.

Nilimwendea Daktari baada ya mgonjwa wa mwisho. Nikamwambia makoti yetu yamechakaa, wagonjwa wanayatazama vibaya. Akajitazama kwenye kioo, akakuta mfuko umening'inia. Akasema kweli, na kwamba imekuwa kama nimemsoma moyoni. Nikamtajia fundi ninayemwamini. Makoti manane, yawe tayari Jumamosi ile.

Wifi nilipompa habari alinishika mikono yote miwili. Akasema tangu ahamie kwetu hajapata kazi kubwa namna hii, na kwamba wengine wana mawifi, yeye ana dada. Nilisikia kitu kinanichoma kidogo kifuani. Nilipokunywa chai kikapita.

Jumamosi, 8 Machi

Jana wifi alikuja kliniki na futi yake kupima watu. Baada ya dakika ishirini wote walikuwa wanamwita dada. Daktari, ambaye ilimchukua miaka sita kunizoea mimi, alimwonyesha picha za wajukuu wake.

Wifi akasema kazi ataiweza, ila vifungo vitamchelewesha. Daktari akasema hilo si shida, karani wetu yuko nyumba hiyo hiyo, atasaidia vifungo. Makoti manane, kila moja vifungo sita, na wifi anataka vya akiba ndani ya pindo. Nimeshona kumi na vidole vyangu vimetoboka mara kumi na mbili.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba ameomba kompyuta ihamie chumba chake ili aone picha za mitindo ya kola. Mume wangu akaibeba bila hata kuniuliza. Sasa atakuwa akiamka anakuta kiti kiko hatua mbili kutoka kitandani.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimemwambia mume wangu, kwa sauti ya mtu asiye na haja yoyote, kwamba nasikia nyuzinyuzi za vitambaa zinaingia kwenye kompyuta na kuua feni. Nilitarajia airudishe sebuleni.

Nilisahau nimeolewa na fundi wa majokofu. Mtu akitaja feni mbele yake, hana tena usingizi. Aliifungua hapo hapo. Akatoa vumbi la kujaa kiganja, akalipeperusha mbele yangu, akasema nimeiokoa. Kisha akaendelea kufungua. Mpaka tunakula, kompyuta nzima ilikuwa imelala vipande vipande juu ya gazeti, na skrubu kwenye kisosi. Anasema hawezi kuifunga bila ile dawa nyeupe inayopakwa chini ya feni, na dawa imekwisha dukani. Wanasema itakuja.

Nikauliza lini. Akasema itakuja.

Jumatano, 12 Machi

Dawa haijaja. Skrubu moja imeonekana kwenye bakuli la sukari.

Jioni tulikaa na wifi chumbani kwake, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo. Kwa mara ya kwanza tuliongea kuhusu Ngome Elfu bila kupimana. Anajua ramani yote kwa kichwa. Anajua mlango wa kaskazini una ngazi mbovu. Nikamuuliza kwa nini anautaka mchezo huu hivyo. Akasimamisha cherehani.

Akasema, "Wifi, mimi nashinda chumba hiki peke yangu toka asubuhi. Huko watu watano wanakuwa kikosi. Ukianguka, mtu anarudi kukuinua. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo, ni lazima warudi."

Kisha akasema angependa tuwe kikosi kimoja, jeshi lolote nitakalochagua, nimpe tu jina langu anitafute. Kidogo nimwambie. Nikasema nitamwambia siku yenyewe. Akacheka, akarudi kwenye cherehani. Nikashona vifungo viwili kwenye nguo niliyovaa.

Ijumaa, 14 Machi

Dawa imekuja. Mume wangu amefunga kompyuta, zimebaki skrubu tatu ambazo anasema hazikuwa na kazi. Inawaka. Mchezo unapakuliwa tangu mchana.

Makoti nayo yamekamilika leo, siku moja kabla. Hili sikulihesabu. Wifi kafanya kazi haraka kwa sababu nilimsaidia vifungo. Daktari aliyavaa, akazunguka, akaita watu wote waje. Akasema makoti haya si ya kufichwa kabatini. Kwa hiyo kesho, Jumamosi, siku ambayo huwa hatufungui, kliniki itafunguliwa kutwa nzima kwa watu kuja kuangaliwa meno bure. Bango limeshabandikwa mlangoni. Karani nisikose, mimi ndiye niliyeleta wazo.

Nikafikiri haraka. Nikashika shavu. Nikasema nasikitika, jino linaniuma tangu juzi, kesho sidhani kama nitaweza kuamka.

Nilisema haya kwa daktari wa meno.

Alinikalisha kwenye kiti na kuwasha taa. Nilijua atakuta meno mazima, nikaandaa la kusema. Akakuta tundu. Kubwa, jino la nyuma, upande ule ule nilioushika. Akasifu jinsi nilivyovumilia. Akapiga ganzi, akaziba, akasema kesho nitaamka mpya.

Nimerudi nyumbani mdomo umepinda. Wifi kanipikia uji. Hakuuliza nani atatangulia kesho. Hakukuwa na la kuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili kamili asubuhi nilikuwa mapokezi, koti jipya, vifungo sita. Foleni ilifika barabarani. Nikaandika majina ya watu na umri wao na jino gani. Kila nilipotazama saa niliona ngome zikitekwa bila mimi. Nilimwazia wifi kwenye kile kiti nikajionea huruma, halafu nikamwazia tena nikajionea aibu. Ile kazi nilimpa kwa hila, naye alinishukuru kwa mikono miwili.

Saa sita mlango ukafunguka. Wifi. Amevaa koti jeupe kama letu, la tisa, kumbe alilishona kwa mabaki ya kitambaa. Akaja upande wangu wa meza.

"Inuka, wifi," akasema. "Saa sita imefika. Kiti kule ni chako mpaka jioni, hapa nitakaa mimi."

Nikamwambia Daktari hatakubali. Akasema ameshaongea naye. Daktari alikuwa anampungia mkono.

Akaniambia seva za mchezo zilijaa asubuhi, aliingia saa nne, na kikosi chake kina nafasi moja aliyowakatalia watu kuichukua. Nimpe jina, aniandikishe humo kwa simu. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwinamia sikioni nikamwambia: Malkia wa Risiti.

Hakucheka. Alifikiri kidogo, akauliza risiti ni bunduki ya aina gani.

Nikasema ni ya zamani, watu wengi hawaijui.

Nimecheza saa tano mfululizo. Nimekufa mara thelathini na moja, mara nne kwa mikono ya wenzangu. Kila nilipoanguka walirudi kuniinua. Wananiita Mama Risiti. Wifi, kwa zile saa mbili tu, wamemfanya kapteni. Aliporudi jioni aliniteua msaidizi wake, mbele ya kikosi kizima. Nililia kidogo nikasema ni jino.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi amenitendea wema ambao sitausahau. Ndiyo maana nimeamua kumtafutia mchumba.

Si kwa sababu ya tangazo la leo, kwamba vita vikuu vya kwanza ni Jumamosi hii asubuhi, na kapteni asipokuwepo msaidizi ndiye huongoza kikosi. Hayo yamegongana tu.

Leo alikuja mgonjwa, mwalimu wa hesabu, mpole, shati limepigwa pasi, hajaoa. Nilimweleza kuhusu wifi yangu mpaka ganzi ikamkolea. Tumekubaliana aje kwetu Jumamosi saa moja na nusu amtoe matembezi, warudi mchana. Akauliza anapenda nini. Nikasema anapenda hewa safi, michezo ya kompyuta hawezi hata kuisikia. Mwalimu akasikitika kidogo. Akasema kwake yeye hiyo ndiyo starehe, na Jumamosi hii hasa alikuwa na jambo asubuhi, lakini basi. Akauliza, kama dada atachelewa kujiandaa, itakuwa vibaya akija na kompyuta yake ya mkononi?

Nimemwambia aje nayo tu, wifi yetu haina shida. Mgeni akiwa na cha kushika mikononi hasumbui mtu.