Mwombeeni Kimeu, Anaua Alhamisi

Jumatatu, 9 Juni
Kimeu wangu amepata kazi ya filamu! Shiru, yule binti wa Nairobi anayegeuza kitabu cha mauaji kuwa sinema hapa Masii, amemchagua kati ya vijana wote wa soko. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Halafu nikauliza, unaigiza nani? Akaninong'oneza: mwaitu, mama yangu, usiambie mtu, mimi ndiye muuaji. Wui! Muuza asali anayemtilia sumu mwenye hoteli. Kitabuni muuaji ni daktari, lakini Shiru amebadilisha ili hata waliokisoma washtuke. Nikabaki jikoni nawaza wazazi wa Mukai, msichana anayetaka kumwoa. Nani atampa muuaji binti yake?

Jumanne, 10 Juni
Nimempelekea Shiru jogoo. Nikaomba Kimeu awe polisi, hata wa kushika tochi tu. Alicheka, akaniita mama yangu, akanieleza pole pole. Eti kitabuni mtu anafichwa na maneno, lakini kwa sinema uso uko wazi, kwa hivyo anataka uso ambao hakuna atakayeushuku. Akasema Kimeu ana uso wa mtu unayemwachia mtoto ukienda kuteka maji. Sikusikia vizuri. Nilikuwa naangalia jogoo wangu akifungwa miguu. Jogoo amebaki huko na Kimeu bado ni muuaji.
Njiani nikakutana na jirani yangu Ndunge. Yeye ni mpishi wa hoteli kwa hiyo filamu. Ana maneno matatu tu, "Mzee, chai tayari," na anayasema hata akikamua mbuzi. Majivuno!

Jumatano, 11 Juni
Jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Tulipofika kwa maombi ya kila mtu, moyo ulinijaa. Nikasimama, nikasema: mwombeeni Kimeu, anaua Alhamisi. Mzee Munyao aliangusha rozari. Ikabidi nieleze yote, asali, sumu, mwenye hoteli, wasije wakaita chifu. Nikaomba Mungu aguse moyo wa Shiru. Waliomba kwa machozi. Ndunge alishinda wote kwa sauti.

Alhamisi, 12 Juni
Mungu amejibu. Sikujua ana haraka hivi.
Watu walijaa kutazama. Kimeu alipotokea na kibuyu cha asali, soko zima likapiga kelele: Mzee, usinywe! Hata watoto. Shiru akasimamisha kamera. Akasema hadithi ya mauaji ni siri, na siri yake sasa inauzwa pamoja na nyanya. Mauaji yamepewa mtu mwingine, hasemi nani. Kimeu sasa ni polisi. Wa kushika tochi.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu: mwaitu, nilikuwa nimejifunza kutabasamu nikimimina. Nikakumbuka vile alikuwa anasimama mbele ya kile kipande cha kioo, jioni kwa jioni, nikidhani ni mambo ya Mukai.

Jumamosi, 14 Juni
Nilipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nikaweka nyama kama ya Krismasi. Alikula kidogo. Nilimwomba msamaha nikalia, na yeye, roho yake ile, akanifuta macho. Akaniambia muuaji mpya ni nani, ili nijue hajaniweka mbali. Ni Ndunge! Jumatatu anaweka sumu kwa chai. Shiru amesema siri ikitoka tena, anafunga vyombo anaenda kuanza upya Kinanie na watu wa huko, na hata tochi ya Kimeu itabaki hapa. Nikaapa kwa kaburi la baba yake. Nimefunga mdomo. Mimi si mtoto.

Jumapili, 15 Juni
Misa nzuri. Ndunge hakuja, presha imempanda, maskini. Nikaona uchungu. Kazi nzito hivyo kesho, na damu yake vile inapanda! Kwa hivyo nilipobaki na wenzangu wa jumuiya, niliomba tumkumbuke mama mmoja ambaye kesho atamtilia mtu sumu. Jina sikutaja. Kaburi la mume wangu liko salama.
Mzee Munyao akauliza kama ni yule wa chai. Niliinamisha tu kichwa, kama mtu anayesali.