Tuliambiwa Kula, Mmehesabu Kura

Igogo, Mwanza

Kwa Ndugu Oyugi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Mji Mwenyeji,
Jumuiya ya Kimataifa ya Wachora Ramani wa Kujitolea.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA MATOKEO, NA KUULIZA CHAKULA CHETU KILIKWENDA WAPI

Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, kwa sababu mama yako alikulea vizuri, nami ningeitikia marahaba. Basi hesabu kwamba nimeitikia, ila kwa sauti ndogo, maana nimekasirika.

Mimi ni Kokulinda Muganyizi, mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati iliyoomba mkutano mkuu wa mwaka ujao ufanyike Mwanza. Barua hii nitaibandika pia kwenye mbao za matangazo, kwa hiyo niwaeleze wasiojua: jumuiya yetu ni ya watu wa nchi nyingi ambao, bila mshahara wala posho, huchora njia, visima na zahanati kwenye ramani ya bure ya mtandaoni, ili mgonjwa asipotee akitafuta daktari. Ni kazi nzuri. Sina ugomvi na ramani. Ugomvi wangu ni na barua yenu ya Ijumaa inayosema mkutano umekwenda katika mji mmoja wa pwani, ambao sitautaja nisije nikaonekana nina wivu. Naandika kwa ajili ya haki tu, sina maslahi binafsi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kanuni imebadilishwa sisi tukiwa tumekwisha kupika. Katibu wenu, Ndugu Chenge, ambaye ni Msukuma wa hapa hapa na ninamheshimu, alitutumia ujumbe wa sauti kabla ya ninyi wakaguzi kuja kuutazama mji. Ninao kwenye simu. Anasema hivi: "Mama, shida yote ni kula. Mji utakaopata kula nyingi ndio unachukua mkutano, majengo ni ziada tu. Tafuteni kula, mama, msilale." Tukamuuliza kama amemaanisha alichosema. Akajibu, kwa sauti tena: "Ndiyo, kula, kula za wajumbe wote." Hapo kwenye "za" mimi kama mwalimu wa sarufi ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimekwisha kuagiza ndizi. Sisi ni watu watii. Hatukulala. Tulipika.

Sasa barua yenu inazungumzia kura. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, nazijua herufi zote mbili na tabia zake. Najua pia kwamba huku kwetu l na r hutembeleana bila kupiga hodi. Lakini ulimi wa katibu ni mali ya ofisi, na ofisi iwajibike. Tuliambiwa kula, tukashindana katika kula, halafu mkatangaza matokeo ya shindano jingine ambalo hatukujua kama tumeingia.

2. Katika kula, Mwanza haikuwa na mpinzani. Wewe mwenyewe ni shahidi, Ndugu Oyugi, na ukikana nitaleta picha. Uwanja wa ndege tulikupokea na kopo la senene wa kukaanga, ukasema wewe huli wadudu. Tulipofika Buzuruga kopo lilikuwa tupu na ulikuwa unaligonga kitako. Nyumbani kwangu ulikula ndizi kwa maharage, ukaomba na zile zilizoshika chini ya sufuria. Kichwa cha samaki sato ulikishughulikia peke yako, kimya kimya, mpaka Bi. Atieno uliyekuja naye akauliza kama unaumwa. Siku ya kwenda Sengerema mlikula kabla ya kupanda kivuko, mkala ndani ya kivuko, na mliposhuka ng'ambo mkawakuta akina mama wa kule wamesimama na vyungu, kwa sababu niliwapigia simu. Ni mji gani mwingine uliowavusha maji huku mnatafuna?

3. Ripoti ya wakaguzi haina shukrani. Imeandikwa kwamba ukumbi wa mikutano haukukaguliwa. Ukumbi ulikuwepo, umefagiliwa, na maua mezani. Ila una ngazi. Mlizitazama zile ngazi, mkatazamana, mkashika matumbo, mkasema mtaukagua kwa picha. Hilo nalo ni kosa la Mwanza? Imeandikwa pia kwamba mtandao unakatika. Unakatika, ndiyo, na ukikatika watu huinua macho wakasalimiana, jambo ambalo nilidhani ndilo linalofanya watu waitane mkutanoni. Imeandikwa mji una mawe mengi mno. Tuliyakuta.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Barua inasema tumeshindwa kwa kura moja. Moja! Kwa hiyo yupo mjumbe mmoja, mahali fulani duniani, ambaye kama angegeuza karatasi yake tu, mkutano ungekuja ziwani. Nimemfikiria mtu huyo nikiosha vyombo, nikichambua maharage, hata kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Nimejiuliza ana moyo wa namna gani. Nimejiuliza kama ana mama.

Na kwa kuwa nimetaja mama, niseme ukweli wote. Ninayo maslahi, kidogo. Binti yangu wa mwisho, Kemilembe, ni mjumbe wenu mwenye kura. Anafanya kazi Norwe na huu ni mwaka wa tano hajatia mguu nyumbani. Kila mwaka sababu ipo: likizo haikutosha, nauli imepanda, kazi zimembana. Mwaka jana akaniambia kwenye simu kwamba mkutano ukija Mwanza, atakuja, hakuna wa kumzuia. Ndiyo maana mwanamke wa umri wangu nikajiunga na wachora ramani, nikagombea kamati, nikakosana na jirani kwa ajili ya kuni. Njia inayofika kwangu Igogo aliichora yeye, akiwa huko huko, kwa picha iliyopigwa kutoka angani. Alinipigia akauliza kama mparachichi wa uani bado upo, maana anakiona kivuli chake. Yeye analiona paa langu kutoka mawinguni, mimi simwoni hata kisogo. Nimemkumbuka mwanangu, Ndugu Mwenyekiti. Najua hiyo si hoja ya kamati, lakini ndiyo iliyokuwa ndani ya kila sufuria mliyofunua.

Yeye, bila shaka, alitupigia kura. Simtilii mashaka hata kidogo. Namzungumzia yule mwingine.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na mnisome taratibu. Matokeo yafutwe na hesabu irudiwe kwa sahani. Kama hilo haliwezekani, chakula chetu kirudishwe kikiwa kama kilivyotoka jikoni, na senene wakiwa wazima, wenye kulia mdomoni wakitafunwa. Najua mtasema hilo nalo gumu. Basi kuna ombi la mwisho ambalo halina ugumu wowote: yule mjumbe mmoja atajwe jina, kisha aletwe Igogo, nyumbani kwangu. Sitampiga. Nitamketisha mezani nimlishe asubuhi, mchana na jioni, mpaka aeleze kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini alitunyima. Asiruhusiwe kuondoka kabla sijaridhika, na naonya mapema kwamba mimi si mtu wa kuridhika haraka. Kama sheria zenu za kimataifa zinakataza kumshikilia mtu kwa chakula, zirekebishwe kwenye mkutano huo huo wa pwani.

Nasubiri majibu kwa maandishi, siyo kwa sauti ya Chenge.

Msalimie mkeo, na umwambie sikukulisha vibaya, kama umerudi umenenepa ni kwa idhini yako. Msalimie Bi. Atieno, aliyekula kwa adabu. Msalimie Chenge pia, hana kosa, ni mtoto wetu. Wasalimie wajumbe wa nchi zote, waliotupa kura na waliotunyima, isipokuwa mmoja.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini mwenye mlango wazi,

Mwl. Kokulinda Muganyizi
(Mama Kemilembe)

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Ndugu Mwenyekiti, tafadhali msifute kitu. Msihesabu sahani. Mji wa pwani ubaki na mkutano wake, na Mungu aubariki. Yule mjumbe mmoja ameletwa. Amejileta mwenyewe, na begi moja la mkononi, likizo ya mwezi mzima, na hodi yake nikaitambua kabla sijafungua mlango. Hata sijamaliza kumkumbatia akaniambia: "Mama, ni mimi niliyewanyima. Mkutano ungekuja hapa ungewapikia watu mia nne, mimi ningekuona saa ngapi? Nilitaka kuja nyumbani, siyo mkutanoni." Nilitafuta hasira nikakuta nalia. Kwa hiyo lile ombi la mwisho limetekelezwa na adhabu imeanza. Hivi ninavyoandika yuko sahani ya pili, anakwangua chini ya sufuria kama wewe. Kura yake niliikosa. Kula kwake ninakuona.