Dharura kwa Miadi

Ninayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Jumatatu iliyopita Kitengo cha Dharura cha hospitali yetu kilianza kupokea majeruhi kwa miadi. Yeyote anayetarajia kuvunjika aliombwa kutoa taarifa siku moja kabla. Mimi, Msaidizi Mwandamizi wa Ratiba, niliwekwa mlangoni na daftari jipya.

Mheshimiwa Mkurugenzi alikuwa ameeleza vizuri sana kikaoni. Msongamano, alisema, unaletwa na watu. Tukipunguza watu, msongamano utapungua wenyewe. Tulipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Wa kwanza kufika alikuwa seremala mwenye msumari kiganjani.

"Una miadi?"

"Nina msumari, bosi."

"Ulitakiwa kujiandikisha jana."

"Jana nilikuwa mzima!"

"Hapo ndipo ulipokosea," nilimwambia kwa upole, nikampangia kesho saa nne asubuhi.

Muuguzi wa zamu, ambaye hospitali nzima humwita Mama Plasta, akamshika seremala mkono ule mzima na kuingia naye ndani. Nikamkumbusha utaratibu.

"Nimeusikia, mwanangu. Sogeza kiti, unaziba njia."

Nikaandika: *muuguzi amekaidi*. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimeandika hivyo mara kumi na tisa na nusu. Kwenye ile nusu, kalamu iliishiwa wino.

Ndipo kikasikika kishindo getini. Gari la Mkurugenzi, likikimbizwa kwenda kwenye kongamano la usalama barabarani, lilikuwa limevamia nguzo. Mkurugenzi aliingia kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kifundo cha mkono, anapiga kelele zilizotikisa madirisha.

"Nakufa! Niitieni daktari bingwa! Nataka chumba cha peke yangu!"

Nyuma yake alikuja dereva wake, mzee mpole, akijikongoja huku ameegemea ukuta. Akaketi kwenye benchi.

"Mimi sijambo," alisema kwa sauti ndogo. "Mhudumieni bosi."

Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa wagonjwa mashuhuri. Mama Plasta akampita Mkurugenzi kama anavyopita kabati, akapiga magoti mbele ya dereva. Midomo ilikuwa imepauka. Jasho lilikuwa la baridi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Machela! Waambieni watu wa upasuaji tunakuja!"

"Wewe mama!" Mkurugenzi akang'aka. "Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Unafoka vizuri, kwa hiyo pumzi ipo ya kutosha. Mwenzako hata kulalamika hawezi. Subiri."

Machela ilihitaji watu wawili, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nilimtazama yule mzee ambaye kila asubuhi huniuliza watoto wameamkaje. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, sikujua niandike nini. Nikatupa daftari nikasukuma. Nadhani gurudumu lililipitia. Sijaliulizia.

Daktari alitueleza baadaye kwamba bandama ilikuwa imepasuka, na tungechelewa robo saa, tungekuwa tunaongea mengine. Jioni mzee alifumbua macho, akauliza kama gari limeharibika sana. Mama Plasta akacheka huku anajifuta machozi kwa kiwiko.

Na Mkurugenzi? Mkono ulikuwa umeteguka tu. Seremala, ambaye sasa alikuwa na bandeji safi, alimsogelea kwenye benchi akampa pole. Kisha Mama Plasta akatokea na mfuko wa dripu. Vyuma vya kuitundikia vilikuwa vimekwisha, na kando ya benchi alilala mama muuza mkaa aliyeungua mguu.

"Mkono wako mwingine ni mzima, mheshimiwa. Shika hapa."

Mkurugenzi alifungua mdomo. Ukumbi mzima ukamtazama. Akaufunga, akashika.

"Juu kidogo, kaka," mama muuza mkaa akamwelekeza. "Hapo hapo. Usitikisike."

Hakutikisika. Alisimama hivyo kwa muda wa saa mbili na nusu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi, hiyo ndiyo huduma ya kwanza aliyowahi kumpa mgonjwa tangu ateuliwe.